Kadi ya mtandao ndiyo huamua

Tangu Microsoft ilipositisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kuna swali moja ambalo limenifikia kwa simu, kwa barua pepe, na hata kwenye matatu: "Laptopu yangu imekataa Windows 11. Je, itakubali Linux?" Nami huwa ninajibu kwa swali jingine: ina kadi gani ya mtandao? Wengi hunitazama kama fundi aliyeulizwa kuhusu injini akaanza kuuliza habari za redio. Basi leo nimeamua kuyaandika hapa yote, ili nikiulizwa tena niwe na mahali pa kumwelekeza mtu.

Tuanze na jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Vitu vingi vya kompyuta vina lugha ya pamoja. Kibodi na mausi za USB, ziwe zimetengenezwa na nani, hufuata utaratibu mmoja, kwa hiyo draiva moja inatosha kwa maelfu ya aina. Diski nazo ni hivyo hivyo: za SATA zina utaratibu wao, na zile mpya za NVMe zina wao. Kadi ya mtandao haina bahati hiyo. Kila chipu ina rejista zake, yaani vijisanduku vya tarakimu ambavyo mfumo wa uendeshaji huandika na kusoma ili kuiambia chipu "washa", "sikiliza masafa haya", "pakiti hii hapa, itume". Chipu ya kampuni A ikiwashwa kwa kuandika tarakimu fulani kwenye rejista fulani, ya kampuni B inaweza kuchukulia tarakimu hiyo hiyo kuwa ni amri ya kulala. Anayejua maana ya kila rejista ni yule aliyeitengeneza, na yule aliyepewa kitabu chake cha maelezo.

Draiva, basi, ni mkalimani. Anasimama katikati ya kerneli, ambayo ndiyo moyo wa mfumo wa uendeshaji, na chipu. Na mkalimani hawezi kufanya kazi kama hakuna aliyemfundisha lugha ya upande wa pili. Kwa hiyo mtu akikuambia "Linux haiikubali kadi hii", mara nyingi ukweli umegeuzwa. Mwenye kadi ndiye hakukubali kuongea.

Ushahidi mzuri ni chipu iitwayo RTL8139 ya Realtek, kadi ya kebo ya megabiti 10 na 100 ambayo ilijaa katika kompyuta za mezani za bei nafuu. Kiufundi ilikuwa duni. Pakiti zote zinazoingia zilimiminwa katika kumbukumbu moja ya mviringo, kisha prosesa ya kompyuta ilazimike kuzinakili moja moja kuzitoa humo. Upande wa kutuma kulikuwa na nafasi nne tu. Bill Paul, aliyeiandikia draiva ya FreeBSD, hakuificha dharau yake katika maelezo aliyoyaacha ndani ya msimbo wenyewe. Lakini maelezo ya rejista zake yalipatikana, draiva zikaandikwa, na ukiichomeka kadi hiyo katika mfumo wowote huria ilikuwa inawaka bila maswali. Huku zilikuwapo kadi za waifai za bei mara kadhaa zaidi zilizokaa kimya kabisa. Ubora wa chipu na uwazi wa mtengenezaji ni vitu viwili tofauti. Mtu akinunua kwa kutazama kasi iliyoandikwa kwenye kasha, amepima kimoja tu.

Zamani kidogo kabla ya waifai, kazi hii ya kuandika draiva za kadi za mtandao ilibebwa na watu wachache mno. Donald Becker, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Goddard cha NASA huko Marekani, aliandika sehemu kubwa ya draiva za etheneti za Linux za miaka ile ya mwanzo. Mwaka 1994 yeye na Thomas Sterling waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zenye prosesa za 486 zikafanya kazi kama mashine moja, wakaiita Beowulf. Kebo moja ya megabiti 10 ilikuwa nyembamba mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo Becker aliandika draiva za kugawa mzigo kwenye kebo zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Ona jinsi mambo yalivyokwenda: jambo lililowezesha kompyuta za bei nafuu kufanya kazi ya mashine kubwa lilikuwa ni mtu kuruhusiwa kuigusa draiva ya kadi ya mtandao. Kama draiva ile ingekuwa imefungwa, angeandika barua kwa kampuni na kusubiri.

Waifai ndiyo iliyoleta kiza. Watengenezaji wengi walikataa kutoa maelezo, na sababu moja waliyoitaja ilikuwa ya kisheria: chipu ya waifai ni redio, na redio husimamiwa na serikali. Ukimpa kila mtu funguo za rejista, walisema, ataweza kurusha mawimbi katika masafa asiyoruhusiwa au kwa nguvu iliyozidi. Si hoja ya kipuuzi. Hata hapa Kenya masafa yana mwenyewe, na hakuna anayetaka mtu aingilie mawasiliano ya wengine. Ila matokeo yake yalikuwa kwamba aliyeinunua kadi kwa pesa zake hakuweza kuitumia katika mfumo aliouchagua.

Kampuni zilijibu kwa njia tofauti, na tofauti hizo bado zinaonekana hadi leo katika laptopu za mitumba tunazonunua. Intel ilianza mwaka 2004 kutoa draiva huria za kadi zake za waifai, ingawa pamoja nazo ilikuja fimwea iliyofungwa. Draiva ya kadi yake ya 3945 ilihitaji pia programu ndogo iliyofungwa ya kulinda masharti ya redio, iendeshwe kando wakati wote. Watu walilalamika, na draiva mpya zilizoingia katika toleo la 2.6.24 la kerneli mwanzoni mwa 2008 hazikuihitaji tena. Atheros ilikuwa na draiva iliyokuwa nusu huria na nusu kizibo, mpaka Julai 2008 ilipotoa draiva kamili iitwayo ath9k kwa chipu zake mpya za wakati huo. Iliingia katika toleo la 2.6.27 mwaka huo huo. Kadi za ath9k za kuchomekwa ndani ya kompyuta hazihitaji fimwea yoyote ya kupakiwa, na ndiyo maana wazee wa Linux bado wanazitafuta kama lulu.

Kisha kuna Broadcom. Hapa kuna kichekesho kichungu. Ruta maarufu ya Linksys WRT54G, iliyokuwa na chipu za Broadcom, iliendeshwa na Linux yenyewe. Lakini draiva ya waifai iliyokuwa ndani yake ilikuwa imefungwa, na mtu mwenye laptopu yenye chipu ya kampuni hiyo hiyo hakuwa na draiva huria ya kutumia. Waliofanya kazi ya kulitatua walijigawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilichunguza draiva iliyofungwa, likaandika kwa maneno ya kawaida kile inachokifanya: andika tarakimu hii hapa, subiri kiasi hiki, soma pale. Kundi la pili halikuigusa kabisa draiva ya kampuni. Lilisoma maelezo yale tu na kuandika draiva mpya tangu mwanzo, ili asije mtu akadai kwamba waliiba msimbo. Kazi yao iliingia katika toleo la 2.6.17 la kerneli mwaka 2006. Broadcom yenyewe ilikuja kutoa draiva huria kwa baadhi ya chipu zake Septemba 2010. Hesabu mwenyewe miaka iliyopotea kati ya hapo, na saa ambazo watu werevu walizitumia kugundua jambo lililokuwa limeandikwa kwenye karatasi ndani ya kabati la mtu.

Kulikuwa pia na njia ya mkato, ndiswrapper, ambayo ilichukua draiva ya Windows na kuihadaa iamini kwamba iko nyumbani, kumbe imo ndani ya kerneli ya Linux. Ilifanya kazi, mara nyingine vizuri. Lakini ilikuwa ni sawa na kumleta mkalimani aliyefungwa kitambaa machoni. Akikosea, hakuna awezaye kumsahihisha, kwa kuwa hakuna aliyeuona msimbo wake.

Sasa nitoke kwenye historia nije kwenye mambo ya juzi. Mwalimu aliyenifundisha hisabati katika shule ya upili, Kaunti ya Kilifi, sasa ndiye anayeisimamia maabara ya kompyuta ya shule. Walikuwa wamepewa laptopu 18 za zile ambazo wauzaji huziita ex-UK, zilizotengenezwa kati ya 2013 na 2016. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya, ambazo kwa upande wa Intel karibu zote ni kuanzia kizazi cha 8. Hakuna hata moja kati ya zile 18 iliyofikia hapo. Kulikuwa na pendekezo katika bodi ya shule kwamba ziuzwe kwa bei ya vyuma chakavu, na maabara ifungwe mpaka fedha zipatikane. Mnajua maana ya "mpaka fedha zipatikane".

Nilipanda basi la usiku kutoka Nairobi nikiwa na flashi tatu mfukoni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Haya, niambie, hizi ni mashine au ni mapambo?"

Nilimwambia tutajua kabla ya chai ya saa nne. Kuchunguza kadi hakuhitaji uganga. Ukiwasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, bila kufuta chochote kwenye diski, unafungua dirisha la amri na kuandika:

lspci -nnk

Kwa kadi za USB unatumia lsusb. Majibu yatakuwa na tarakimu mbili zilizotenganishwa kwa nukta mbili, kwa mfano 10ec:8139. Ya kwanza ni kitambulisho cha kampuni, ya pili ni cha chipu yenyewe. 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Atheros, na Intel ilijichukulia 8086, jina la prosesa yake mashuhuri. Kila draiva ndani ya kerneli hubeba orodha ya vitambulisho inavyovijua. Kerneli inapoona kifaa, hulinganisha kitambulisho na orodha hizo na kuita draiva husika. Jina lililobandikwa kwenye kifuniko cha laptopu halihusiki kabisa. Chini ya kila kadi utaona mstari unaosema ni draiva gani inayotumika. Mstari huo usipokuwapo, kerneli haina mkalimani. Ukiwapo na bado hakuna mtandao, andika:

sudo dmesg | grep -i firmware

Hapo mara nyingi utakuta draiva inalalamika kwamba imekosa faili fulani. Na kabla ya yote, hakikisha swichi ya waifai iliyo ubavuni mwa laptopu haijazimwa. Amri ya rfkill list itakuambia. Nimeona watu wakifuta mfumo mzima kwa sababu ya swichi.

Matokeo ya Kilifi yalikuwa hivi. Laptopu 11 zilikuwa na kadi za waifai za Intel na zikashika mtandao papo hapo. Watoto wa kidato cha tatu waliokuwa wakichungulia dirishani walipiga makofi. Laptopu 5 zilikuwa na draiva lakini hazikuwa na fimwea, kwa kuwa shule ilikwisha kuzisakinishia Debian 11 kutoka kwenye diski aliyoiacha mtu fulani. Mbili za mwisho zilikuwa na chipu ambayo kerneli haikuijua hata kidogo.

Nieleze kidogo kuhusu fimwea, maana inachanganya watu. Chipu nyingi za waifai zina prosesa ndogo ndani yake, na prosesa hiyo nayo inahitaji programu. Badala ya kuihifadhi ndani ya chipu, jambo linaloongeza gharama, watengenezaji huacha kompyuta ndiyo iipakie kila inapowashwa. Draiva inaweza kuwa huria kabisa, lakini ile programu ya ndani ikawa imefungwa. Debian, kwa kufuata msimamo wake kuhusu programu huria, kwa miaka mingi haikuweka fimwea za namna hiyo katika diski yake rasmi ya kusakinishia. Basi ukawa unaingia katika duara: fimwea iko kwenye intaneti, intaneti inahitaji waifai, waifai inahitaji fimwea. Wanachama wa Debian walipiga kura mwaka 2022, na kuanzia Debian 12, iliyotoka Juni 2023, fimwea hizo zimo ndani ya diski rasmi.

Wapo wanaoona kura ile ilikuwa usaliti. Ninaelewa hoja yao: fimwea iliyofungwa ni sehemu ya mashine yangu ambayo siwezi kuisoma wala kuirekebisha, na kila tunapoikubali tunampa mtengenezaji sababu ya kuendelea kuifunga. Wenzetu wa OpenBSD waligombana kwa muda mrefu na kampuni hata kuhusu haki ya kuzigawa tu faili hizo. Heshima zangu kwao, maana bila ukaidi huo tusingepata nusu ya tulicho nacho. Lakini nilipokuwa nimesimama katika chumba kile, na mwalimu anayetakiwa kuiambia bodi ndiyo au hapana kufikia Ijumaa, nilichagua upande. Mwanafunzi asiye na mtandao kabisa hana uhuru zaidi ya mwenye fimwea iliyofungwa. Nitaipakia fimwea leo, na kesho nitanunua kadi za kampuni zilizo wazi zaidi. Hayo mawili yanaweza kwenda pamoja.

Na duara lile lina mlango wa kutokea ambao karibu kila mmoja wetu anao mfukoni. Chukua simu ya Android, ichomeke kwenye laptopu kwa kebo yake ya USB, kisha ndani ya mipangilio ya simu uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Simu hiyo sasa inajitambulisha kwa kompyuta kama kadi ya mtandao! Tena ni kadi inayofuata utaratibu wa pamoja, kwa hiyo draiva ya kawaida iliyomo katika kerneli huikubali bila kuuliza imetengenezwa na nani. Kwa bando langu mwenyewe nilipakua vifurushi vya fimwea mara moja, nikavihifadhi kwenye flashi, nikaviingiza katika laptopu zote 5. Saa saba mchana tulikuwa na mashine 16.

Zilibaki mbili. Kwa zile mbili kulikuwa na draiva, lakini haikuwa ndani ya kerneli. Ilitolewa kando na kampuni iliyotengeneza chipu, kizibo kilichofungwa chenye ganda dogo la msimbo wa wazi linalotakiwa kuundwa upya kila kerneli inapopata toleo jipya. Niliijaribu na ikafanya kazi. Nikamwita Mwalimu aione. Akaitazama, akaridhika, kisha akauliza:

"Na wewe ukishaondoka, itaendelea kushika mtandao?"

Wasomaji, katika mambo yote niliyosoma chuoni kuhusu mifumo ya uendeshaji, sidhani kama nimewahi kusikia swali la maana kuliko hilo. Sisi watu wa kompyuta tumezoea kuuliza kama kitu kinafanya kazi. Yeye aliuliza kama kitaendelea kufanya kazi. Na jibu la maswali hayo mawili si lazima liwe moja.

Kerneli ya Linux hubadilisha mambo yake ya ndani mara kwa mara, na haiahidi popote kwamba njia ambazo draiva huzitumia leo zitabaki vilevile kesho. Ahadi yake ni nyingine: anayebadilisha njia hizo anawajibika kurekebisha draiva zote zilizomo ndani ya kerneli zinazozitumia. Kwa hiyo draiva iliyo ndani hubebwa pamoja na wengine hata kama aliyeiandika alishahamia kazi nyingine. Draiva iliyo nje huachwa stendi. Siku moja kompyuta itasasishwa usiku, asubuhi draiva ishindwe kujiunda upya, na waifai itoweke. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya dakika ishirini. Kwa mwalimu aliye kilomita mia tano kutoka kwangu, mwenye darasa la watoto arobaini, huo ni mwisho wa mashine. Hatakuwa na mtandao wa kutafuta jinsi ya kurudisha mtandao.

Kwa hiyo niliiondoa ile draiva, ijapokuwa ilikuwa inafanya kazi. Badala yake nilichomeka kadi mbili ndogo za USB nilizokuwa nimezinunua Luthuli Avenue siku niliyosafiri, shilingi 1,200 kila moja, zenye chipu ya AR9271 ya Atheros. Draiva yake, ath9k_htc, imo ndani ya kerneli, na fimwea yake ni miongoni mwa chache ambazo msimbo wake ulitolewa huria, mwaka 2013. Bodi iliambiwa Ijumaa kwamba laptopu zote 18 zinabaki.

Kuhusu kununua kadi za namna hiyo, tafadhali kuweni macho. Katika duka la kwanza nililoingia niliomba aina fulani, nikapewa kasha lenye jina lile lile na picha ile ile, lakini nilipoichomeka kwenye laptopu yangu pale pale kaunta, lsusb ilionyesha chipu tofauti kabisa. Muuzaji hakuwa na habari. Alinionyesha kasha tena na tena, "Si hii hii uliyoitaka?" Nikamrudishia, tukaagana vizuri. Si ajabu ya duka moja. Mfano unaojulikana duniani kote ni TP-Link TL-WN722N. Toleo la kwanza lina AR9271, na lsusb huionyesha kama 0cf3:9271. Toleo la pili na la tatu zina chipu ya Realtek RTL8188EUS, na huonekana kama 2357:010c. Jina halikubadilika. Kilichobadilika ni herufi na tarakimu ndogo, V1 au V2, kwenye kibandiko cha nyuma. Kwa chipu hiyo ya pili watumiaji wa Linux walihangaika kwa miaka na draiva iliyokaa katika chumba cha majaribio cha kerneli, hadi 2023 ilipopata nafasi katika draiva bora zaidi iitwayo rtl8xxxu. Kwa hiyo leo ukiwa na kerneli mpya hata hiyo si ya kutupa. Ila ni lazima ujue unachonunua.

Basi nikiulizwa ushauri, ni huu. Kabla ya kununua laptopu ya mtumba kwa ajili ya Linux, nenda na flashi. Mwambie muuzaji unataka kuiwasha kwa flashi hiyo kwa dakika tano. Akikataa, nenda kwa jirani yake. Tazama kitambulisho cha kadi ya waifai, na tazama kama kuna draiva iliyoitikia. Kama haiitikii, uliza kama kadi inaweza kubadilishwa. Katika laptopu nyingi za miaka ile ni kipande kidogo kilichoshikiliwa na skrubu moja au mbili. Lakini angalia mitego miwili. Baadhi ya watengenezaji waliweka katika BIOS orodha ya kadi zinazoruhusiwa, na ukiweka nyingine kompyuta inagoma kuwaka. Na katika kadi mpya za Intel, zenye majina yanayokaribiana kama AX200 na AX201, ya kwanza ni kadi kamili, lakini ya pili ni nusu tu ya kadi. Nusu yake nyingine imo ndani ya chipu za ubao mama wa Intel wa aina maalumu, kwa hiyo ukiiweka kwingine haitafanya kitu.

Na kama unanunua kwa ajili ya mtu mwingine, iwe shule, zahanati, kikundi cha akina mama au mzee wako kijijini, ongeza swali la Mwalimu. Usiridhike kwamba umefanikiwa kuiwasha. Tazama draiva inatoka wapi. Kama imo ndani ya kerneli, kuna watu wengi wasiokujua wanaoitunza kwa niaba yako. Kama iko nje, mtunzaji ni wewe, na ujiulize kwa ukweli kama utakuwapo.

Kuna jambo la mwisho. Kila mara tunapolipa pesa kwa kadi ambayo mwenyewe ameificha lugha yake, tunamwambia kwamba kuficha kunalipa. Shilingi 1,200 zangu hazitamkosesha mtu usingizi huko Taiwan au California. Lakini kampuni zile zilizofungua milango mwaka 2008 na 2010 hazikuamka asubuhi moja zikiwa na huruma. Kulikuwa na watu waliosumbua, walioandika, waliorudisha kadi madukani, na waliokaa usiku wakisikiliza chipu mpaka ikasema. Sisi tunaonunua mitumba yao tunakula matunda ya kazi hiyo, na si vibaya tukaongeza sauti yetu ndogo kwa kuchagua vizuri pale kaunta.

Kama unayo kadi inayokusumbua, niandikie pamoja na ile tarakimu ya lspci au lsusb. Usinitajie jina la laptopu, nitakuuliza tarakimu vilevile. Na kama umefaulu kuiwasha kadi ambayo wengine wameshindwa, andika pia, tena kwa Kiswahili, ili mwenzako wa Lodwar au Lamu akitafuta usiku wa manane apate jibu kwa lugha yake. Kuuliza si ujinga.